Rekodi za Penseli

Mpaka leo nikisikia mtu mzima anaapa kwa Mungu juu ya mpira, natamani kutema mate. Si kwamba mimi ni mchamungu kupita wenzangu. Ni kinyaa tu, kama cha mtu aliyekuta unywele kwenye uji, na kilinianza alasiri moja ya Ramadhani kwenye barza ya mazungumzo iliyo nje ya duka langu la kushona, hapa Jadida, Wete.

Barza yetu ina ubao. Ni kipande cha ukuta kilichopakwa rangi nyeusi, na kwa kuwa nina mwandiko mzuri na mabaki ya vitambaa ya kufutia hayaniishi, kazi ya kuuandika ikawa yangu. Kila asubuhi, kabla sijakaa kwenye cherehani, naandika matokeo ya jana na mechi za leo. Pembeni, chini ya neno REKODI, naweka jambo moja la kuwapa watu cha kubishania: nani kafunga mabao mengi Ulaya, klabu gani imebeba makombe mengi. Hawajawahi kumaliza ubishi hata mmoja. Kona iliyopigwa kabla wao hawajazaliwa wataigombania mpaka kahawa ipoe kwenye vikombe.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, alikuwa kidato cha tatu wakati huo, na yeye alikuwa na ubao wake: kauntabuku kubwa la jalada gumu. Humo mlikuwa na klabu za wanawake za Ulaya peke yake. Alipiga mistari kwa rula, akagawa kurasa: makombe, wafungaji, waliocheza mechi nyingi, ushindi wa mabao mengi, watazamaji waliojaa uwanjani. Alizitafuta takwimu hizo kwenye simu ya mama yake, akilinganisha huku na huku mpaka aridhike. Zikipingana, aliacha nafasi wazi. Nimewajua makarani wa serikali ambao hawakuwa na subira hiyo.

Kitu kilichonichekesha ni kwamba aliandika yote kwa penseli. Raba ya kufutia aliifunga kwa uzi kwenye uti wa kauntabuku isipotee. Siku moja nikamuuliza kwa nini asitumie kalamu ya wino, maana penseli inafifia.

"Mjomba, rekodi si huvunjwa?" akasema. "N'kiandika kwa wino, mtu akifunga goli moja tu mie n'shachafua daftari."

Nikampenda zaidi siku ile. Nasema hivyo ili ijulikane kwamba nilimpenda.

Na yeye alicheza. Wasichana kumi na wanne, wengi wao majirani, walikuwa wakicheza kwenye mchanga kati ya madarasa ya shule, mahali ambapo ukipiga mpira kwa nguvu unavunja dirisha na ukipiga pole hauendi. Kiwanja cha mtaa ni cha watu wote, lakini ratiba yake hupangwa na barza. Walichotaka ni alasiri ya Alhamisi, basi. Siku sita zilizobaki wangewaachia wanaume. Niliwashonea suruali ndefu kwa vitambaa vilivyobaki, nikawa najisikia mtu mwema. Mara mbili walituma ombi na mara mbili wakajibiwa, "Tutaangalia."

Aliyejibu ni mshika ratiba, bwana mmoja aliyeishi Ulaya miaka kadhaa na kurudi na koti la ngozi. Koti hilo alilivaa kwenye jua la Wete jasho likimchirizika shingoni. Nilikuwa nikimpima kanzu natafuta pa kugeuzia pua. Kila rekodi niliyoandika, yeye alikuwa ameiona kwa macho yake. Hakuna goli lililofungwa Ulaya bila yeye kuwapo.

Ramadhani ile, kama kawaida, watu walikuwa wakipisha njaa kwa masuala. Mmoja anauliza, wengine wanajibu, mpaka magharibi ikaribie na kila mtu ashike njia ya kwao kufuturu. Mpwa wangu akaja, akasimama kwenye mlango wa duka langu, akawaamkia wazee wote kwa adabu, kisha akaomba wasichana nao waruhusiwe kuuliza suala moja. Barza ikishindwa, Alhamisi iwe yao baada ya Idi.

Mwenye koti alicheka mpaka akashika tumbo. "Suala moja? La mpira? Haya, Alkhamisi yenu, mwaka mzima! Fundi ataliandika ubaoni na fundi ndiye atakayeamua. Mwasikia, yakhe?" Wote wakasikia. Fundi ni mimi.

Nikaandika alivyonisomea: katika miaka ya karibuni, mechi ya mashindano ya klabu za Ulaya iliingiza watazamaji elfu tisini na moja, mia sita arubaini na nane. Ni klabu gani zilicheza?

Mwenye koti hakungoja hata nimalize kuweka alama ya kuuliza. Akataja klabu mbili kubwa za wanaume, akaongeza, "Mie nlikuwepo."

"Weye?" akauliza mchuuzi wa samaki wa Tumbe, aliyekuwa ameegemeza baiskeli yake ukutani, tenga tupu nyuma.

"Wallahi nlikuwepo! Nyuma ya goli. Mtu wa pembeni yangu akilia kama mtoto mchanga."

Akaanza kuisimulia. Baridi ilivyomkata masikio. Goli la tatu lilivyoingia kwa kichwa. Mchuuzi akamuuliza kama mvua ilinyesha, naye akasema ilinyesha, na ilinyesha hasa kipindi cha pili. Akaapa tena, mara tatu kwa jumla, midomo imekauka kwa saumu. Wazee wakatikisa vichwa kwa kustaajabu. Mpwa wangu akamwacha amalize, maana alilelewa asimkate mkubwa kauli.

"Sizo, baba," akasema kisha. "Ilikuwa mechi ya wanawake." Akafungua kauntabuku kwenye ukurasa wa watazamaji, akasoma majina ya klabu mbili na idadi ya watu, mpaka kichwa cha mwisho.

Mchuuzi akatoa simu, akatafuta, akaizungusha ili kila mtu aone: majukwaa yamejaa mpaka juu, na katikati ya majani mabichi wanawake wanakumbatiana. Akacheka kwa sauti. "Bwana, uliketi nyuma ya goli hukuona kama ni wanaake?"

Kwa muda mfupi barza nzima ilicheka, na nikadhani yamekwisha. Nikaiona Alhamisi. Nikawaona wale kumi na wanne kwenye kiwanja chenye nafasi ya kukimbia, na suruali zangu miguuni mwao.

Ningekuwa yeye, ningeomba ardhi inimeze. Yeye alijifuta jasho, akakunja uso, akasema, "Ah, ya wanaake! Hiyo haihesabiki. Suala lina mtego. Halikusema wanaake." Na wale wale waliokuwa wakimcheka sekunde iliyopita, mmoja baada ya mwingine, wakaanza kuona kwamba kweli, suala lilikuwa na mtego, kweli, halikusema. Nilitazama vile vinywa vikigeuka. Mtu kaapa uongo mara tatu mchana wa Ramadhani, na sasa anadai haki, na wazee wenye ndevu nyeupe wanamsaidia kuidai.

"Mwamuzi ni fundi," akasema. "Fundi, sema."

Nyuma yangu, mezani, palikuwa na rundo la kanzu za Idi. Yake ilikuwa humo, na ya karibu kila mtu aliyekaa pale. Naitaja hiyo sababu kwa kuwa ndiyo niliyokuwa nayo. Sina nyingine iliyo safi zaidi. Kinyaa nilichokuwa nacho kwake sikukisema. Nilikimeza, nikatazama ubao badala ya kumtazama mtoto wa dada yangu.

"Suala," nikasema, "lingeandikwa wanawake."

Hakulia, wala hakupaza sauti. Aliuliza tu, kama mtu anayetaka kujua ili aandike.

"Mjomba, mwaka wa tatu huu waandika rekodi kwenye ubao huu. Siku gani uliandika wanaume?"

Mchuuzi wa Tumbe akashika baiskeli yake, akatema mate pembeni, akaondoka bila kuaga. Mwenye koti akaniambia, "Futa." Nikachukua kitambaa nikafuta, nikaanzia upande wa elfu tisini.

Baada ya Idi Alhamisi ilipewa timu ya maveterani, matumbo makubwa yanayokimbia robo saa kisha yanakaa chini ya goli kusimulia. Mwenye koti sasa anakihadithia kisa kile yeye mwenyewe, na ndani yake ni yeye aliyeshtukia mtego. Watu wanacheka pale anapotaka wacheke. Nami nawashonea, na napokea salamu zao, na sijui ni nani hasa ananichukiza zaidi pale barzani.

Mpwa wangu hakunigomea. Ningefurahi angenigomea. Alipita na shikamoo yake, akauliza hali ya mke wangu, akaenda zake. Kauntabuku tu ndilo sikuliona tena, mpaka dada yangu alipolileta mwenyewe, uti umeachia, akaniomba niushone kwa uzi mnene.

Nilipokuwa nikipanga kurasa likafunguka mwisho, kwenye ukurasa nisioujua. Juu pameandikwa: Rekodi za hapa kwetu. Mistari ya rula, safu zile zile nadhifu, na chini yake mstari mmoja tu. Suala: watazamaji. Waliojibu sawa: sisi. Waliopata Alhamisi: wao. Aliyeamua: mjomba.

Nilitazama mlangoni kama kuna mtu. Kisha nikaishika ile raba iliyofungwa kwa uzi, nikasugua neno la mwisho. Nikasugua tena, kwa nguvu zaidi, mpaka karatasi ikaanza kutoka nyuzi. Neno halikutoka. Alikuwa ameliandika kwa wino.