Utani Usio Wangu

Siku ya kwanza kazini nilisimama nje ya chumba cha kufulia, hospitali ya misheni, Nachingwea, kwa sababu sikujua kama kazini nako hodi hupigwa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne juzijuzi tu. Mama Bertha, ambaye alianza kufua pale kabla sijazaliwa, akanikuta.

"Unasubiri mashuka yakukaribishe?" akaniuliza, akanipa aproni.

Ninyi mnaonifuata kumaliza shule, kama mtapata kibarua kama kile, hivi ndivyo tulivyofanya. Shuka lenye damu huanzia maji ya baridi, maana ya moto huipika damu ikang'ang'ania uzi. Nguo za upasuaji hazichanganywi na za wodi ya wazazi. Na shuka hukunjwa na watu wawili: mnashika ncha, mnalivuta, mnasogeleana mpaka mikono inakutana. Hayo yote alinifundisha Mama Bertha. Mimi ni mtu wa aibu, lakini katika kukunja tulizungumza mengi.

Msimamizi wetu alikuwa mama wa Kingoni kutoka Songea. Mama Bertha ni Mmwera, na Wangoni na Wamwera ni watani. Basi doa likibaki, Msimamizi alisema bila kupepesa, "Wewe Mmwera, hili umelifua au umelionyesha maji tu?"

"Babu zako walimaliza kuku wetu," alijibu Mama Bertha, "sasa unataka na mikono yangu." Wakacheka, na shuka likarudi kwenye beseni.

Madoa yakawa yanaongezeka. Asubuhi moja wauguzi wawili walirudisha shuka. Msimamizi hakuwepo. Sijui nilipata wapi ulimi. Nikasema, "Mama Bertha, hili umelifua au umelionyesha maji tu?"

Wauguzi wakacheka. Yeye hakucheka. Mimi ni Mmwera mwenzake, wa Chunyu kule Ruangwa, tena lika la binti yake wa mwisho. Utani ule haukuwa wangu.

"Sawa, mwanangu," alisema. Tangu siku ile alikunja peke yake, shuka amelibana kwa kidevu. Salamu aliitikia. Ila maneno yakaisha.

Niliandika barua ya kuomba radhi kwenye daftari hili ninaloandikia sasa, nikaichana. Mwishowe nilimweleza Msimamizi.

"Mimi nikimsema, naye ananisema, tunatoka sare," alisema. "Wewe ungemjibuje akikurudishia? Mtoto akiona kasoro ya mzazi huifunika kwanza. Halafu anamuuliza, wakiwa wawili."

"Nimuulize nini?"

"Kwa nini doa linabaki. Kuna aliyemuuliza?"

Hakuna aliyemuuliza. Hata mimi sikuthubutu. Masika ilipoanza nikahamishiwa kituo cha afya Ruangwa, kushika nafasi ya mfuaji aliyejifungua. Bosi wa kule, Mganga Mfawidhi, alikuwa mpole, lakini nilikuwa mfuaji pekee. Nilijifunza kubana shuka kwa kidevu, na kila nilipobana nilimkumbuka.

Majina ya kidato cha tano yalipotoka, nilirudi Nachingwea kurudisha aproni. Mama Bertha alikuwa kwenye kamba, anaanua shuka. Sikubisha hodi. Nilishika ncha mbili za upande wa pili, akanitazama, halafu akavuta. Tukasogeleana. Mikono ilipokutana nilisema kwa sauti ndogo, "Mama, nisamehe kwa siku ile. Hapa pana doa, au ni macho yangu?"

Alipapasa kitambaa. "Wapi?"

Nikachukua kidole chake, nikakiweka juu ya doa.

"Ni macho yangu," alisema. "Tangu masika ya mwaka jana. Nikisema, watanipumzisha, na mimi nyumbani nitakunja na nani?" Akakiacha kidole palepale penye doa. "Siku ile ungeniuliza hivi."

Tulilirudisha kwenye maji ya baridi. Alikubali tumwambie Msimamizi pamoja, na siku hiyohiyo Msimamizi alimpeleka kliniki ya macho, njia nzima wakitukanana.

Miezi saba si utumishi wa kujivunia, najua. Sasa niko bwenini, na mashuka yangu ni mawili tu. Wenzangu huyaviringisha. Mimi hushika ncha mbili za shuka, nikalinyoosha, halafu huwa nasimama kidogo, kama kuna mtu upande wa pili anayekuja.