Kiti cha Mtoto wa Mwami

Hakuna kitu duniani cha kunishangaza. Nilitoka Kivu kwa miguu wakati wa vita, nikalala chini ya meza za soko, na shule niliishia darasa la nne. Leo nina cherehani kumi na moja na maduka mawili ya nguo hapa La Rochelle, Afrika Kusini, na nimeajiri watu wenye diploma. Kwa hiyo yule mlinzi wa magari hakunishangaza. Aliniudhi tu.

Alikuja mwaka 2016, mwembamba, na kile kizibao cha kijani cha wanaolinda magari nje ya supamaketi. Lakini kwetu ni mtoto wa mwami, yaani chifu. Basi kila mkutano wa watu wa kilima chetu, Jumapili baada ya misa, kiti chenye mikono kilikuwa chake. Wazee waliinama, wakampigia makofi ya polepole kama tuko nyumbani. Mimi niliyelipia ukumbi, benchi. Hata mke wangu, ambaye mimi hunipa chai kwa mkono mmoja huku anaangalia simu, yeye alimpa kwa mikono miwili, amepiga goti.

"Mama, mimi sijawahi kuliona hilo goti," nilimwambia nyumbani.

"Eish, baba watoto, acha wivu. Yule ni damu."

Damu gani? Babu yake ndiye aliyewapiga vita waliobatizwa, akachoma nyumba zao kwa sababu waliacha mizimu ya ukoo wake. Babu yangu, mlimaji wa mashamba ya mwami, alikimbia na rozari shingoni. Leo mjukuu wa mchomaji anakomunika kabla yangu!

Nikaamua kummaliza. Pasaka ya 2018 nilinunua ng'ombe mzima, nikamleta hai mpaka uani pa ukumbi, watu waone nani mkubwa. Nikiwa na suti niliyoishona mwenyewe, nilimvuta kwa kamba hadi mbele ya kile kiti.

"Huyu ametoka kwangu!"

Makofi, vigelegele. Mzee mmoja alilia kabisa.

"Papa, umefanya vizuri! Babu yako alikimbia bila kutoa kalinzi. Leo umeitoa!"

Kalinzi ni ng'ombe ambaye mtu wa chini humpelekea mwami ili apewe shamba na awe mtu wake. Huletwa hivyo hivyo: hai, kwa kamba, mbele ya kiti. Nilijua hayo tangu utoto. Wivu ulinifunga macho.

Mlinzi wa magari akainuka, akapokea kamba, akaniwekea mkono kichwani.

"Karibu tena shambani, mtoto wangu."

Nimemzidi miaka kumi na miwili. Na aliyepiga makofi kuliko wote ni mke wangu.

Ng'ombe, lori na kamba: randi elfu kumi na moja, mia nne na ishirini.