Nilizinywesha Levire Ngazi za Mama Mukwe

Niliamini, kwa moyo wote na tumbo lote, kwamba huko Kindu kuna kijidudu kimoja ndani ya chupa, ukikipa kijiko cha sukari asubuhi, jioni kinakukojolea pipa zima la mazuti, yale mafuta ya malori. Si mutoto aliyeamini hivyo. Ni mimi, mutu muzima mwenye ndevu, mwenye cheti cha shule ya usiku, niliyehitimu kwa shangwe iliyosikika mpaka Lusangi.

Nilikosa, ndugu wasomaji. Na aliyelipa si mimi.

Habari ya kijidudu niliipata kwa motari aliyekuwa ananipeleka Wamaza kwa pikipiki. Barabara munaijua ilivyo, habari inapata muda wa kunenepa njiani. Tulipotoka Kasongo kijidudu kilikuwa kinajaza bidoni, dumu dogo tu. Tulipofika Wamaza kilikuwa kinarusha ndege.

Ningebisha namna gani? Mwalimu wetu wa shule ya usiku mwenyewe alikuwa ametufundisha kwamba kuna chachu, ndugu za levire ile ya kuinulia mikate, ambazo ukizilisha sukari zinanenepa na kujaza mafuta mwilini. Akasema tena kuna enzimu, vitu vidogo ndani ya viumbe hai, vinavyokata na kuunganisha kama makasi na sindano, na viwanda vinazitumia kutengeneza mazuti na sabuni. Katikati ya somo nililala kidogo. Nilipoamka nikachukua kichwa cha somo na mukia wake, katikati nikajaza mwenyewe.

Sasa, mama mukwe wangu anakaa Wamaza. Mawese yake ni mekundu mpaka jua linaona haya. Ukiyatia katika sombe, mboga ya majani ya muhogo, jirani anakuja bila kuitwa na anakuja na sahani. Kazi ya kuyakamua alikuwa ameanza kumuachia bibi yangu, mama wa watoto wangu, na bibi yangu alikuwa anajivunia hilo kuliko kuolewa na mimi. Simulaumu.

Basi, mudogo wa bibi yangu, nitamwita Mwamini ingawa si jina lake, alipata muchumba. Wazazi wa kijana wakatuma habari kwamba wanakuja kula na kumaliza maneno. Sote tukaenda Wamaza kusaidia. Mama mukwe akakata mikungu ya ngazi, matunda ya michikichi yanayokamuliwa mawese, akaicharanga, akaifunika majani ya migomba. Kwetu ndivyo inavyofanywa: ngazi zinakaa kidogo mpaka ziachie mukungu zenyewe, kisha unazichemsha mbio. Naye akawa anaondoka kwenda Kabambare kualika ndugu. Akaniita.

"Mukwe wangu, weye unakaa tu. Angalia ngazi hizi. Zikiachia, mwambie bibi yako awashe moto. Usiziguse."

"Ndiyo, mama."

"Nimesema usiziguse."

Alirudia kwa sababu ananijua.

Pikipiki yake haijapotea kwenye kona, mimi tayari nimefunua majani. Joto likanipiga usoni. Pembeni nikaona povu kidogo. Nikajiambia: wako kazini, vijidudu hawa. Lakini ni wachache, na hakuna aliyewapa chakula.

Nikachukua muti nikazipiga ngazi, zipasuke, vijidudu vipate mulango wa kuingilia. Nikamimina juisi ya muwa. Kisha nikaiba levire yote ambayo Mwamini alikuwa amenunua kwa ajili ya mandazi ya wageni, nikainyunyiza juu kama padri. Nikafunika.

Kila asubuhi bibi yangu aliniuliza, "Baba watoto, zimeachia?"

"Bado kidogo."

Uongo. Zilikuwa zimeachia zamani. Lakini mimi nilikuwa ninangoja mafuta yaongezeke. Kichwani nilishapata kiwanda, nilishanunua lori, nilishagombana na dereva na kumufukuza.

Kuku wa jirani walikula ngazi za pembeni, wakarudi kwao wanatembea kama wametoka harusini. Hapo bibi yangu akaja mwenyewe, akafunua, akarudi nyuma.

"Mbona zinanuka pombe?"

"Ndiyo harufu ya maendeleo," nikamwambia.

Wageni walikuwa karibu kufika na ngazi nyingine hazikuwepo. Maskini akachemsha, akatwanga, akakamua. Mafuta hayakuongezeka. Yalikuwa machache kuliko siku zote, tena mazito, yameganda kama mushumaa. Nikasema pengine mengine yako njiani.

Mama mukwe alirudi pamoja na wageni, hata kuonja hakupata nafasi. Chakula kikatoka: wali, samaki, sombe inayong'aa mawese. Watu wakanawa, wakaanza kula. Mikono ikasimama juu ya sahani.

Baba mudogo wa muchumba alikuwa ndiye musemaji wao. Akasimama, akameza tonge, akaanza.

"Sisi upande wa kijana, tume..." Akakohoa. "Tumekuja hapa kwa sababu binti yenu..." Akakohoa mpaka kofia ikaanguka. "Binti yenu, sisi..." Ndipo koo likafunga kabisa, akabaki anatikisa mukono mbele ya uso wake, hapana, hapana, hapana.

Mwamini aliyekuwa anachungulia mulangoni akaona mukono huo. Akapiga yowe, akakimbilia jikoni kulia. Muchumba akaruka juu.

"Baba mudogo, unakataa nini?"

Muzee akapewa maji, akapumua, akafuta machozi. "Ninakataa sombe," akasema. "Binti tunamutaka."

Watu wakacheka, nami nikacheka kupita wote. Kisha mama ya muchumba akalamba kidole, akasema taratibu, bila ubaya, "Dada, mawese haya iko ya sabuni."

Kicheko kikaisha. Mama mukwe akaonja. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Akamugeukia bibi yangu.

"Ni weye ulikamua?"

"Ni mimi, mama."

"Basi. Tangu leo nitakamua mwenyewe."

Na mugongo wake huo, ambao hata ndoo hauinui vizuri.

Bibi yangu akanitazama. Alijua nani alisema "bado kidogo" kila asubuhi. Hakunitaja mbele ya wageni. Alinipa nafasi niseme mwenyewe. Nami nikachukua kikombe cha maji nikanywa, nikanywa, mpaka kikabaki tupu, kisha nikaendelea kunywa.

Ndoa ilipita salama. Yale mawese yakapikwa sabuni, na sabuni ilitoa povu ajabu, wakwe wakaisifu sana. Nilitaka kusema ni ya kwangu. Hapo angalau akili ilinishika mudomo.

Lakini tuliporudi Kasongo, nyumba ilikuwa baridi. Majirani walipokuja kumwomba bibi yangu awakamulie ngazi, aliwajibu, "Nendeni kwa mwingine. Mukono wangu umeharibika." Alisema hivyo bila hasira, kama mutu anayesema mvua imenyesha. Mimi ninayecheka hata kwenye foleni ya kinyozi, kicheko kilinipotea.

Nikatia mawese yaliyobaki katika chupa, nikaenda kwa mwalimu. Moyoni nilitumaini atasema kosa ni la michikichi, au la mvua. Bibi yangu akasema anakuja pia, anataka kujua mukono wake una nini.

Mwalimu akanusa, akaonja, akakohoa kama wengine.

"Ngazi zilikaa sana?"

"Mpaka zikatoa povu," bibi yangu akajibu.

"Na zilipasuka?"

"Nilizipiga kidogo," nikasema.

"Kwa nini?"

"Kuwafungulia mulango."

"Nani?"

"Vijidudu." Na kwa kuwa nilishaanza kuanguka, nikaona nifike chini kabisa. "Nikawapa juisi ya muwa. Na levire."

Bibi yangu akageuka polepole. "Levire ya mandazi?"

"Ile."

"Nilimutukana muuza duka nikidhani hakututilia ile levire."

Mwalimu alikuwa anacheka ameshika meza. Alipoona uso wa bibi yangu akaacha.

"Basi si mukono wangu," bibi yangu akasema.

"Si mukono wako, mama," mwalimu akajibu.

Alilia kidogo, kisha akanipiga na kitambaa chake cha kichwa mbele ya mwalimu, na ninawaambia, nilifurahi.

Tulipanda pikipiki tukaenda Wamaza. Nikamwambia mama mukwe yote, tangu kijidudu cha Kindu mpaka kuku walevi.

"Nilikuambia usiziguse."

"Ulirudia, mama."

Akamugeukia bibi yangu. "Mwanangu, kesho tunakata ngazi, mimi na weye."

"Na huyu?"

"Huyu ataleta kuni. Aziweke mbali."

Jina langu nimelificha, ingawa najua Kasongo yote itanitambua. Wewe unayesoma, ukisikia kwa motari habari tamu, iache kwenye pikipiki. Na kabla ya kukilisha kitu chochote sukari, soma maneno haya ambayo mwalimu alituambia siku ile ya chupa, na safari hii sikulala:

"Chachu za kutengeneza mafuta ziko, lakini si zile za mandazi, na hazikai chini ya majani ya migomba. Zinafugwa katika matangi ya viwanda, zinachungwa kama watoto wachanga. Ngazi ikipasuka, enzimu yake yenyewe inaanza kukata mafuta, na vijidudu vinaisaidia. Ndiyo maana yanakwaruza koo, na ndiyo maana yanafaa sabuni. Ukichemsha mapema, enzimu inakufa. Pale hapakuwa na mafuta ya kutengeneza. Muti ulishayatengeneza. Ilibaki kuwasha moto tu."