Faili Lililovishwa Jina la Marehemu

Kwa miaka thelathini walimwita Mama Faili, maana hakuna karatasi iliyoingia masjala ya mahakama asijue ilipolala. Mwanawe, mwandishi wa habari, alipigwa hadi kufa kwa kuandika juu ya mkandarasi aliyejenga wodi ya wazazi kwa saruji ya kudanganyia. Majirani walimwambia mama amwachie Mungu.

"Mungu ana kazi nyingi," alijibu. "Hii nitamsaidia."

Alikuwa amekwisha kustaafu wakati serikali ilipofungua dawati la kushtaki makosa dhidi ya waandishi wa habari. Kesi ya mwanawe ikawa ya kwanza, na walinzi wawili wa mkandarasi wakapandishwa kizimbani. Kisha faili likapotea, na ndani yake maelezo ya shahidi pekee, ambaye naye alikuwa amefariki. Hakimu akatoa siku saba: lisipopatikana, washtakiwa waende zao.

Siku ya tatu Mama Faili aliingia masjala. Mkuu wa pale alikuwa karani ambaye Mama Faili mwenyewe alimfundisha kazi.

"Shikamoo, mama. Tumetafuta mpaka macho yametutoka. Labda panya."

"Marahaba. Panya gani huyo, mwanangu, anayekula faili moja akaacha jirani zake?"

Makarani waliinamia meza kuficha vicheko. Mkuu alicheka kwa sauti, lakini jicho lake lilimponyoka likaenda rafu ya chini, penye mirathi ya marehemu wasio na warithi. Mafaili hayo hayaulizwi na mtu.

Mama Faili aliijua rafu ile. Ujanja ule aliubuni yeye. Mwaka mmoja, bosi wake alimwomba "alipumzishe" faili la mtumishi wa ndani aliyechomwa pasi na tajiri yake. Alilivua jalada, akalivisha jingine lenye jina la marehemu asiye na ndugu, huku karani mgeni, ndiye mkuu wa sasa, akitazama. "Jalada la namna hii andika mwenyewe," alimwambia. "Usimpe mtu kalamu." Mtumishi yule hajapata haki mpaka leo.

Angeweza kuinama alichomoe faili la mwanawe palepale. Lakini mkuu angesema limekosewa rafu, angeomba radhi, na kesho angeketi kiti kilekile. Mama Faili hakutaka faili peke yake. Alilitaka pamoja na mkono uliolificha.

Akaaga kwa upole, akapanda ngazi hadi kwa wakili wa serikali wa lile dawati, binti wa umri wa mwanawe. Akamweleza yote.

Wakili aliweka kalamu chini. "Mama, nikiyaandika haya kuwa kiapo chako, nawe utashtakiwa. Naweza kusema tu nimepata fununu."

"Fununu itampa yule mkuu nafasi ya kujitetea. Mimi nitaeleza nani alifundishwa, lini na vipi. Na la yule mtumishi liandike pia. Alikuwa mtoto wa mtu."

"Utafungwa, mama."

"Andika, mwanangu."

Asubuhi iliyofuata hakimu mwenyewe alisimama masjala na askari wawili. Katika rafu ya chini, jalada la tisa lilibeba jina la marehemu wa kubuni, mzee ambaye hakuwahi kuzaliwa, kwa mwandiko wa mkuu, herufi zikiegemea kushoto kama kawaida yake. Ndani yake mlikuwa na maelezo ya shahidi, kurasa zote. Walinzi hawakwenda nyumbani.

Mchana, mama na mkuu waliketi benchi moja kituo cha polisi wakisubiri kuchukuliwa alama za vidole.

"Mama," mkuu alinong'ona, machozi yakimlengalenga, "mkandarasi alinitisha. Wewe ulikuwa umeshatoka, umepumzika. Kwa nini ujizamishe?"

Mama Faili aliisogeza miwani yake, akamtazama usoni taratibu, kama anayesoma.

"Nisingekuja huku," alisema, "ningekuonaje?"

Askari akaita jina la mkuu kwanza. Mama akageuka kwenye benchi ili asipitwe na kitu.