Gari la Jumatatu

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika hata spana moja. Nilikuwa nimemaliza shule ya ufundi Katuba, hapa Lubumbashi, cheti kikiwa ndani ya bahasha, nimevaa ovaroli aliyonishonea mama, nami nilidhani nitakabidhiwa injini kabla ya saa nne. Chef d'Atelier, yaani mkuu wa karakana, aliitazama ile bahasha bila kuifungua, akatazama viatu vyangu, kisha akanionyesha lori lililosimama juu ya magogo bila magurudumu ya mbele.

"Panda," akasema. "Kazi yako ya leo ni mguu."

Kwa ninyi ambao hamjawahi kulala chini ya gari, nieleze kidogo. Breki husukumwa na mafuta yake maalumu yanayopita katika mirija myembamba. Hewa ikiingia humo, kanyagio, ambalo sisi tunaliita pédale, linakuwa laini na gari halisimami inavyotakiwa. Kwa hiyo mtu mmoja hulala chini na kufungua skrubu ndogo ili hewa itoke, na mwingine hukaa juu akifuata amri: kanyaga, shika, achia. Nilifanya hivyo tangu asubuhi hadi jioni kwa malori manne. Usiku ule mguu wangu wa kulia ulitetemeka wenyewe chini ya meza. Baba yangu, mtu wa reli kutoka Kabalo ambaye hakupenda maneno mengi, aliniuliza kama nimeajiriwa na fundi cherehani.

Siku ya pili Chef alinifundisha kipimo chake. Chini ya kanyagio kuna pampu inayoitwa maître-cylindre, na ndani yake mna mpira mdogo wa mviringo. Mpira ukichakaa, mafuta hurudi nyuma kwa siri, na kanyagio hushuka polepole chini ya mguu. Mjini huwezi kujua, kwa sababu unakanyaga mara moja na kuachia. Utajua siku utakapohitaji kushika kwa muda mrefu, na siku hiyo utakuwa umechelewa.

"Kanyaga kwa nguvu, kisha usiachie," Chef aliniambia. "Sala Salamu Maria moja. Pédale ikishuka mbele ya Amina, maître-cylindre ilisha kufa."

Nilimuuliza kwa nini asitumie saa.

"Saa banaibaka," akajibu. "Sala, nani ataiiba?"

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kazi. Nimekanyaga breki nyingi kuliko rozari nilizosali, na padre wangu anajua.

Mwenye karakana tulimwita Patron. Alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo, akiuza sabuni na unga kwa jumla na kusafirisha mizigo kwa malori yake. Alikuwa Mprotestanti, mtu wa hesabu na wa kiasi, ila alikuwa na udhaifu mmoja: alipenda mbio za magari. Pamoja na mfamasia mmoja, walimu wawili wa chuo kikuu na wafanyabiashara wenzake, alianzisha klabu. Hawakuwa na fedha za kununua magari ya mbio, na Patron alisema hata wangekuwa nazo wasingenunua.

"Hapa tunakimbiza motoka ya lundi," alisema. Lundi ni Jumatatu, kama dimanche ilivyo Jumapili.

Maana yake ilikuwa hivi. Gari lazima lije uwanjani kwa magurudumu yake lenyewe, likiwa na namba zake, na liwe lile lile unalolitumia kila siku. Utazunguka mara tatu, peke yako, saa ikihesabu. Lakini matokeo hayakutangazwa Jumapili. Yalibandikwa Jumatatu saa sita mchana kwenye lango la bohari ya Patron, na kila dereva alitakiwa kupita hapo kabla ya saa hiyo, gari likiwa kazini. Ukishindwa kupita, jina lako linafutwa, hata kama ulikimbia kuliko wote. Nimeona watu walioshinda Jumapili wakisukuma gari Jumatatu asubuhi huku wanatokwa jasho, na mshindi wa nne akipita polepole anapiga honi.

Uwanja ulikuwa nyuma ya Kasapa, ardhi nyekundu tupu, na tulikimbia wakati wa kiangazi tu, Jumapili moja kila mwaka. Walisawazisha vichuguu vyote isipokuwa kimoja, katika kona ya tatu, ambacho kilivunja sururu mbili wakakiacha. Chef aliwekwa kuwa mkaguzi wa magari, mimi nikawa msaidizi wake. Tulitoa ndani ya gari kila kitu kinachoweza kuruka au kuteleza: tairi la akiba, jeki, dumu la maji, zulia la miguuni ambalo hupenda kuingia chini ya kanyagio. Tulikaza betri. Tulitazama unene wa plaquettes, vile vibao vinavyobana diski ili gurudumu lisimame. Mwisho kabisa tulikanyaga na kusali. Waprotestanti walilalamika kwamba sala ile si yao, wakaomba tuwapime kwa Baba Yetu. Chef alikubali mara moja. Hawakuwa wamefikiri kwamba Baba Yetu ni ndefu zaidi.

Sasa niwaambie kosa langu, maana mzee anayesimulia kazi bila kosa hata moja anawadanganya. Msimu wa pili Chef alikuwa mgonjwa, nikakagua peke yangu. Gari la mwisho lilikuwa la Patron, kamionéti, lori lake dogo la kupelekea sabuni. Jua lilikuwa kali, watu wanapiga kelele, na mimi nilikuwa nimesali rozari kila jioni tangu utotoni. Mnajua wenyewe tunavyoisali: kufika fumbo la tatu maneno yanakimbizana. Ile Baba Yetu ya Patron niliimaliza kwa pumzi mbili. Kanyagio halikuwa na muda wa kushuka. Katika mzunguko wa pili breki zilimtoka, akakivaa kile kichuguu, akavunjika mfupa wa bega.

Nilikwenda hospitalini nikiwa nimeshajiandaa kufukuzwa. Patron alinitazama kutoka kitandani.

"Odile," akasema, "ulisala ao ulikimbia?"

Hakunifukuza. Chef alipopona aliweka amri moja tu: tangu siku hiyo mkaguzi atasali kwa sauti, kila mtu asikie.

Miaka ilipita kama inavyopita kazini. Nilitumwa Kasumbalesa, mpakani, nikakagua malori ya Patron yanayotoka na kuingia, vumbi la huko likanikalia kifuani hadi leo. Nilirudi Lubumbashi nikiwa naibu, na Chef alipostaafu nikakalia kiti chake. Watu walianza kuniita Chef mimi. Mimi niliendelea kumwita Chef yeye.

Kitu kimoja sikuwahi kukifikiria. Katika miaka yote ile mtu huyu alikuwa ameandaa magari ya wengine, yeye mwenyewe hakukimbia hata mara moja. Jumapili zote alikuwa chini ya gari la mtu. Basi msimu mmoja, akiwa amestaafu tayari, alikuja uwanjani na gari lake dogo jeupe, lenye usukani, au volant, upande wa kulia, lile alilompelekea mkewe, Mama Bernadette, sokoni kila Jumatatu na viroba vya mahindi. Alikuwa amepiga pasi shati. Patron, kwa heshima, alikuwa amemwandika wa kwanza kwenye orodha.

Niliingia ndani ya gari lake, nikakanyaga, nikaanza kusali kwa sauti. Chef alisimama dirishani.

"Eh, Odile, uko na mwendo ya askofu!" akasema. "Sala vile bantu banasalaka!"

Akaanza kusali yeye, kwa sauti kubwa na kwa kasi, watu wakicheka na kumpigia makofi. Alifika Amina mimi nikiwa bado kwa Mama wa Mungu.

"Amina! Bote munasikia? Pédale iko juu!"

Ilikuwa kweli. Kwa Amina yake kanyagio lilikuwa juu. Sikuondoa mguu. Nilipofika "sisi wakosefu" lilianza kushuka chini ya kiatu changu, taratibu, bila sauti yoyote. Nilipofika "saa ya kufa kwetu" lilikuwa sakafuni.

Hakuna aliyeona nje. Niliinua macho, nikakuta Chef ameacha kucheka. Yeye na mimi tu ndio tulijua. Ningeweza kushuka na kupunga mkono, ishara yetu ya kuruhusu gari, na hakuna ambaye angeniuliza kitu. Mtu huyu alinilea kazini. Nilitamani sana kupunga ule mkono.

"Chef, hii motoka haitatoka," nikasema.

"Iko na nini?"

"Maître-cylindre."

"Miye njo nilikufundisha ile neno."

"Ndiyo, Chef. Njo maana minaisema."

Patron alikuja akanivuta pembeni. "Odile, ni Chef! Unamukatalia Chef mbele ya bantu?" Nilimwambia aguse bega lake. Aliligusa, akaniachia.

Chef aliingia kwenye gari lake, akaondoka kwa gia ya kwanza hadi barabarani, na hakugeuza kichwa.

Hakusema nami tena msimu ule wote, wala wakati wa mvua. Kanisani, padre anapotuambia tupeane amani, alimpa mkono aliye mbele yangu na aliye nyuma yangu. Iliniuma. Sitasema kwamba nilikuwa na fahari ya kufanya kazi yangu vizuri. Fahari haikuwepo, niliumia tu.

Mama Bernadette ndiye aliyekuja nyumbani kwangu Makomeno kunieleza.

"Docteur ya macho alimuambia ile mwaka njo ya mwisho kushika volant," akasema. "Pédale, alijua. Juma mbili alikuwa anajua. Ile pièce ya mupya ilikuwa haiyafika, na course ya motoka ilikuwa ile dimanche tu. Alisema: ni tour tatu tu, Mungu atanishika."

"Na sasa macho?"

"Mangaribi hanionake tena. Muchana anaona kivuli tu."

Nililia mbele yake. Sikujutia kukataa gari. Nilijutia kwamba sikumfuata nyumbani jioni ile, nikamwacha akae na hasira yake peke yake, kana kwamba kazi yangu iliishia kwenye kanyagio. Nilikwenda kwao siku ile ile, lakini Chef alikataa kutoka chumbani.

Nilistaafu siku ya Ijumaa, na Jumapili iliyofuata nilikwenda uwanjani kukagua kwa mara ya mwisho. Tulikuwa tumebakiza gari moja, kisha likaja la pili ambalo halikuwa kwenye orodha: dogo, jeupe. Jirani yake ndiye aliyeliendesha. Chef alishuka upande wa kushoto akishika paa kwa mkono, akatembea akipapasa boneti mpaka dirishani kwa dereva.

"Odile iko wapi?"

"Niko hapa, Chef."

"Fanya contrôle."

Jirani alishuka, mimi nikaingia, nikakanyaga, nikaanza kusali. Naye alivua kofia akasali pamoja nami, polepole kuliko mimi, neno moja moja. Mimi nilifika Amina, yeye alikuwa bado kwenye "sasa." Nikauacha mguu pale pale nikimngoja. Kanyagio halikusogea hata unywele.

"Amina," akasema. "Inashuka?"

"Hapana, Chef. Imesimama."

"Bon. Bakia mule mule. Kamata volant."

"Chef, miye sikimbiaka."

"Minajua. Nilikufundisha kusimamisha motoka. Kukimbia, utajifunza weye mwenyewe."

Patron alikaribia, karatasi mkononi, akikuna kichwa. Sheria ni sheria, na yeye ndiye aliyeitunga. "Chef, hii motoka si ya Odile. Lundi nani ataitumikisha?"

"Ni yeye," Chef akajibu, kwa sauti ambayo wote waliisikia. "Miye sionake tena."

Patron aliandika jina langu, na mahali pa sahihi ya mkaguzi akatia yake.

Nilizunguka mara tatu. Katika kona ya tatu, karibu na kichuguu, nilifunga breki mapema mno kila mara, hadi watu wakacheka. Nilikuwa wa tisa kati ya kumi na mmoja. Nilipotoka, Chef alinishika kichwa kwa mikono yote miwili, nami nikacheka kama ambavyo sikuwa nimecheka kwa miaka mingi.

Mkiniuliza kazi hii ilikuwa nini, nitawajibu kwamba haikuwa mbio. Ilikuwa kuhakikisha kwamba aliyekwenda kucheza Jumapili anarudi kuwa mtu wa Jumatatu. Kazi kama hiyo itakufanya useme hapana kwa mtu unayempenda, na hakuna atakayekushukuru siku hiyo. Zaidi ya hayo sina mafundisho.

Jumatatu, siku yangu ya kwanza bila kazi, nilifika kwa Chef saa mbili asubuhi. Tulipakia viroba vitupu. Mama Bernadette alikaa nyuma, Chef kushoto kwangu. Tulipita kwanza kwenye lango la bohari. Patron alikuwa amesimama pale na kalamu yake. Aliona gari, aliona viroba, akatia alama mbele ya jina langu. Kisha tukashika njia ya sokoni. Chef aliuelekeza uso mbele, akiona vivuli tu. Lakini kila tulipokaribia njiapanda mguu wake wa kulia ulifanya kazi sakafuni: ulikanyaga, ukashika, ukaachia. Nami nilifunga breki pamoja naye.