Hosiana na Mfaransa wa Sindano

Hosiana wa Kwashemshi alikuwa mtu wa kucheka. Alicheka akipalilia maharage, alicheka kwenye mazoezi ya kwaya mpaka mwalimu akamhamishia mstari wa nyuma. Siku mbwa mgeni alipomng'ata mguuni akitoka shambani, ndipo majirani walipomwona ametulia kimya.

Shemeji yake Simeo alimshauri apake majivu, asubiri. Hosiana hakutaka kusikia. Utotoni alimwona jirani yao akifa kwa kichaa cha mbwa, akiogopa hata maji ya kunywa. Aliosha jeraha kwa sabuni na maji mengi, akapanda bodaboda hadi hospitali Korogwe.

"Shikamoo mama," alisema muuguzi, binti mchangamfu aitwaye Yusra.

"Marahaba mwanangu. Nitapona?"

"Umewahi. Usikose sindano hata moja, basi."

Akimchoma, Yusra alimsimulia habari za Pasteur, Mfaransa wa zamani ambaye yeye na wenzake ndio walioanzisha chanjo hiyo.

"Na kama asingezaliwa?" Hosiana aliuliza.

Yusra alimfutia mkono kwa pamba. "Labda angetokea mwingine, mama."

Swali lile alirudi nalo nyumbani. Jioni wakimenya mihogo, akamtupia mumewe, Erasto.

"Mwingine angegundua tu, mama Kaleb," Erasto alisema. "Mvua isiponyesha Jumatatu, itanyesha siku nyingine."

"Na mahindi yaliyokauka Jumatatu?"

Erasto alichukua muhogo mwingine.

"Huyo mwingine angechelewa, baba Kaleb, wangapi wangekufa kama yule jirani yetu? Watoto wao wasingezaliwa, wala wajukuu. Huenda hata wewe usingekuwepo. Mimi ningeolewa na nani?"

"Na Valentino wa mashine ya kusaga. Alikutaka sana yule."

Hosiana alicheka mpaka muhogo ukamponyoka. Tangu ang'atwe, Erasto hakuwa amemsikia hivyo, naye akacheka kwa furaha ya kumsikia.

Sindano zilipokwisha, mguu ukiwa umepona, ilitangazwa kwamba daktari wa mifugo angefika kijijini kuchanja mbwa bure. Hosiana alipita nyumba kwa nyumba kuwahimiza watu. Mgumu alikuwa Simeo.

"Mbwa wangu mzima, shemeji. Achanjwe ya nini?"

"Hata mimi nilikuwa mzima, shemeji, kabla sijang'atwa."

Siku yenyewe mbwa walikuja kwa kila namna: wengine kwa kamba, wengine kwa kanga kuukuu, mmoja amebebwa mgongoni kama mtoto. Simeo alifika wa mwisho. Hakuwa akimvuta mbwa. Mbwa ndiye aliyemvuta, akampitisha kwenye bustani ya watu, wakatokea wote wawili wamejaa tope na majani ya mchicha.

Hosiana na Erasto walimshika mbwa, Simeo akamshika kichwa na kufumba macho. Daktari alichoma. Mbwa alitulia tuli. Aliyepiga kelele ni Simeo.