Mwaka Dada Yangu Alipotuombea Maji

Dada yangu alikuwa mbunge wetu kwa muhula mmoja. Yeye alikuwa akienda Dodoma na kurudi. Mimi, mdogo wake, nilibaki kijijini na mume wangu, shamba letu la tumbaku na mbuzi wachache, na kwa kuwa mbunge hakuwepo, malalamiko ya jimbo zima yalianzia mlangoni kwangu. Nikiwa nafagia uwanja asubuhi nasikia nyuma yangu: "Mwangaluka, mama. Mheshimiwa anasemaje?" Sikuwa na haja ya kuuliza anasemaje kuhusu nini. Ilikuwa maji.

Kijiji chetu kiko nyuma ya Igalula, mbali kidogo na stesheni, palipopita njia ya zamani ya misafara iliyokwenda Ujiji. Tulipokuwa wadogo tuliambiwa wapagazi walipenda kulala hapo kwa sababu ya mto. Ni mto wa mchanga. Wakati wa mvua unapita kwa kishindo, kiangazi unakauka juu, lakini zamani ukifukua kidogo tu ulipata maji safi. Mimi na dada tulifukua kwa mikono na kuchota kwa kata. Miaka ya karibuni mvua zimekuwa zikichelewa na kukatika mapema, misitu imekwisha kwa kuni za kukaushia tumbaku, na tulioikata ni sisi wenyewe. Maji yakawa yanashuka. Kufukua kukageuka kuchimba. Shimo likapita kimo cha mtu. Mmoja anashuka kwa ngazi ya miti, anajaza ndoo kwa bakuli, walio juu wanavuta kamba.

Jirani yangu ndiye aliyekuwa hodari wa kushuka. Tuliimba pamoja sauti ya pili kwenye kwaya ya kanisa letu la Moravian, na mashamba yetu yalipakana. Alikuwa mwembamba, mcheshi, na hakujua woga. Siku ile alivua viatu akasema, "Ngoja nishuke mimi. Nyinyi mlionona mtatuzibia shimo." Tukacheka. Ndoo ya kwanza ilipanda, ya pili ikapanda. Kisha ukingo wa upande wa pili ukajimwaga ndani. Haukutoa hata sauti kubwa. Nilivuta kamba ikagoma.

Tulichimba kwa bakuli, kwa vifuniko vya ndoo, kwa kucha. Kila tulichotoa kilirudi. Mtu alikimbilia shambani kumwita mumewe, na alipofika sisi tulikuwa tumeufikia mkono. Aliushika huo mkono akaacha kuchimba. Akawa amepiga magoti tu, ameushika, anaita jina la mkewe kwa sauti ya kawaida, kama anamwamsha.

Dada alikuja msibani. Hakuja na msafara. Alishuka kwenye gari akiwa amejifunga khanga, akaingia jikoni kwa wanawake. Baada ya maziko yule mume wa marehemu alimfuata. Alikuwa mtu wa maneno machache, mfuga nyuki, ana mabinti watatu.

"Mheshimiwa," alimwambia, "mimi sitakutukana. Lakini kesho asubuhi mabinti zangu wataamka, na maji hakuna. Wataenda wapi? Niambie wewe."

Nilimjua dada yangu tangu utotoni, mwalimu wa miaka mingi, mtu ambaye hakukosa jibu. Aliangalia chini mpaka yule baba akaondoka.

Baada ya hapo hakutulia. Alisimama bungeni akauliza swali, na sisi tukakusanyika kwenye redio ya mume wangu kumsikiliza. Alieleza habari za mto, za shimo, za mama aliyefukiwa. Naibu waziri akampa pole, akasema serikali inatambua changamoto hiyo na mchakato unaendelea. Dada akasimama tena kwa swali la nyongeza: mchakato huo utafika lini? Akajibiwa kwamba utafika pindi taratibu zitakapokamilika. Mume wangu alizima redio. Wanawake walichukua ndoo zao wakaenda mtoni.

Dada akapata gari la kuchimba kisima. Sijui aligonga milango mingapi. Siku mtambo ulipoingia kijijini shule ilifungwa, hakuna aliyezuia watoto. Kwaya ilisimama pembeni. Mume wa marehemu alikuja na mabinti zake wakiwa wamevaa nguo za Jumapili. Dada alisimama karibu na fundi mkuu, mwanamume mnene mwenye kofia ya chuma, na chuma kikaanza kuzunguka kikiingia ardhini.

Lilitoka vumbi jekundu, kisha jeupe. Jua lilipanda, likapinda, na bado ni vumbi jeupe, unga wa mwamba, likitupaka nyuso na kope. Fundi akaamuru wahamie upande wa mbuga, mahali walipopima pia. Kesho yake wakachimba huko. Mchana likatoka tope zito, na wanawake wakapiga vigelegele mpaka nikahisi kichwa chepesi. Mimi nilipiga kuliko wote. Tope lilitoka kidogo, likakauka, vumbi likarudi.

Fundi alizima injini.

"Mheshimiwa, huku chini ni jiwe tupu," alisema. "Hata nikienda mara mbili ya hapa nitakuta jiwe."

"Jaribu," dada alisema.

"Nitavunja vyuma bure, mama."

"Nakuomba jaribu."

Alijaribu, nadhani kwa kumhurumia. Jioni walifunga vyombo wakaondoka. Watu hawakuondoka. Mtu mmoja nyuma akarusha ndoo tupu, ikagonga gari la dada. Nyingine ikafuata. Dereva alimsihi apande, naye akakataa, akasimama mbele ya watu wake na vumbi jeupe kichwani, akisema, "Nimewasikia. Nimewasikia," wala hakuna aliyetaka kusikilizwa. Ikabidi mume wangu amshike mkono amwingize garini.

Siku zilizofuata ndizo mbaya kuliko zote nilizoishi. Ulizuka uvumi. Walisema maji hayakukosekana bure: dada yangu alipata ubunge kwa dawa, na dawa ilidai mtu, na mtu mwenyewe ndiye yule jirani. Walisema kamba nilikuwa nimeishika mimi. Nilikuwa nimeishika kweli. Mtoni wanawake wakawa wanajaza ndoo zao bila kunisogezea kata. Kanisani nafasi ya pembeni yangu ikabaki wazi. Sote tunajua huku kwetu uvumi wa namna hiyo huweza kuishia wapi. Mume wangu aliweka panga nyuma ya mlango, na wanangu nikawapeleka kwa mama yao mdogo Usoke.

Asubuhi moja mume wa marehemu alikuja. Nilikuwa namenya viazi vitamu vya kuanika michembe uwanjani. Hakukaa kwenye kiti nilichomletea.

"Jirani," alisema, "nimekuja kukuuliza jambo, unijibu ukiniangalia. Mlimtoa kafara mke wangu?"

Kisu kilinidondoka. Nilimwangalia. "Hapana," nilisema. Nilitaka kuongeza mengi, kwamba nilimpenda, kwamba bado sijaweza kuimba sauti ya pili peke yangu, lakini nikarudia lile lile. "Hapana, jirani. Mungu ni shahidi. Hapana."

Kisha akakaa, si kwenye kiti, chini, pale kwenye maganda. "Nimeuliza kwa sababu nimechoka kulala nikiwachukia," alisema. Tukalia wote wawili mchana kweupe, kila mtu aliyepita njiani akituona. Nadhani kule kuonekana ndiko kulikoniokoa. Watu walipoona aliyefiwa anakaa uwanjani kwangu, uvumi ulipoa. Haukufa, ulipoa.

Nilimpigia dada nikamweleza yote. Akasema, "Njoo mjini kesho. Usiniache niende peke yangu."

Kwa wakati ule bomba kuu la maji ya ziwani lilikuwa tayari limefika Tabora mjini, na njiani lilipita porini, umbali ambao kwa baiskeli kutoka kwetu unaufika kabla ya jua kali. Sisi hatukuwamo kwenye mchoro. Tulikaa kwenye benchi la ofisi ya maji tukamsubiri mhandisi, kijana mstaarabu, na akatuamkia shikamoo. Alimfungulia dada ramani akamwonyesha. Msukumo wa maji hautoshi. Tawi la kwenda kwetu halikusanifiwa. Akianza kutoa tawi hapa, kesho vijiji vyote vitataka. Aliongea vizuri, na kila alichosema kilikuwa na sababu.

Dada akainuka kwenye kiti. Nilidhani anaaga. Akapiga magoti.

Sisi Wanyamwezi mwanamke akipiga goti kusalimia ni heshima ya kawaida, lakini lile halikuwa la salamu. Mbunge, mwanamke mwenye mvi, magoti yote mawili kwenye sakafu ya saruji mbele ya kijana anayelingana na mwanawe.

Mhandisi aliruka kutoka kitini. "Mheshimiwa! Inuka, tafadhali. Watu wataona."

"Waone."

"Mama yangu, sina mamlaka hayo."

"Najua huna. Nimekwenda kwa wenye mamlaka wote, nimemaliza. Sina pengine pa kwenda. Njoo ulione shimo tu. Ukishaliona uniambie hapana, nitakubali."

Nilimshika nikamwinua. Nilimwonea aibu, tena nikamwonea uchungu.

Mhandisi alikuja. Alisimama ukingoni mwa shimo, jipya, refu kuliko lile, akamwona binti mkubwa wa marehemu akipanda ngazi ya miti ndoo ikiwa inavutwa juu yake. Alirudi mjini akaanza kuandika, na dada akawa anabeba maandishi yake kutoka ofisi hadi ofisi, Tabora na Dodoma, akikaa kwenye mabenchi. Alikonda. Sukari ilimpanda akalazwa, na siku aliyoruhusiwa alipitia wizarani kwanza. Ruhusa ilipotoka, ilitoka na sharti: mtaro tuchimbe wenyewe.

Tulichimba kwa msaragambo, kazi ya pamoja bila malipo, kiangazi chote. Ardhi ilikuwa kama tofali la kuchoma. Mume wa marehemu ndiye aliyepiga jembe la kwanza, na kuna waliokuja kwa kumwonea haya yeye tu. Dada alikuja kila alipoweza, akachimba mpaka viganja vikachubuka. Wengine walimwambia hadharani, "Utatufukia na humu?" Aliendelea kuchimba.

Mtaro ulikuwa haujafika mwisho kura za maoni zilipoitishwa ndani ya chama. Mpinzani wake alikuwa na jambo moja la kusema, na lilitosha: muhula mzima, na maji yako wapi? Dada alishindwa vibaya, hata katika kata yetu. Alipotoka ukumbini aliniambia, "Hawajakosea. Waliniambia maji, sikuwapa maji." Nilimkasirikia kwa kusema vile. Nilitaka alie, alaani, awataje kwa majina. Alikuja kuishi kwetu, akapanda karanga.

Maji yalifika mvua za kwanza zilipokuwa zinaanza kunyesha. Mbunge mpya alifungua bomba, ngoma zikapigwa, na dada hakutajwa. Hakwenda. Wiki ile maji yalitoka kwa nguvu, watu wakaosha hata kuta. Kisha yakapungua, yakawa uzi, yakakata. Kiangazi kilichofuata nikawaona wanawake wanapita tena na kamba mabegani kuelekea mtoni, na mabinti watatu wa jirani yangu wakiwa nyuma yao.

Dada aliwaona pia. Asubuhi hiyo hiyo alivaa viatu, akapanda bodaboda mpaka stesheni, akaenda mjini. Hakuwa na cheo tena, na mlinzi alimwambia asubiri nje. Alisubiri nje. Alikwenda tena, na tena, na mhandisi yule akawa amehamishwa, aliyekuja badala yake hakumfahamu. Mimi nilimwambia aache. Nilimwambia watu hawa hata salamu yake hawaitikii vizuri.

"Mdogo wangu," alisema huku akifunga khanga, "nikikaa hapa nitafanya nini? Nimtazame yule binti akishuka?"

Sasa, baada ya safari zake nyingi, maji yanatoka siku mbili kwa wiki, siku nyingine hayatoki. Msukumo ni mdogo, ndoo moja inachukua muda mrefu kujaa. Shimo la mtoni bado lipo na bado linatumika. Siku za maji tunakwenda kabla jua halijachoma, dada na mimi, tunaweka ndoo zetu kwenye foleni. Hakuna anayempisha, naye haombi kupishwa.